Barua kwa Rukia: nembo ya tamasha na mkono wa ami yako

Rukia, shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo. Mama anakusalimu sana, Zainabu kajifungua mtoto wa kike na hadi leo jina wanavutana, upande wa mume wanang'ang'ania la bibi yao. Hofu iko kwako wewe huko Unguja na hiyo kanuni yako, ala ya nyuzi unayojifunza kupiga. Nimeona nikuandikie barua badala ya kukutumia sauti kwenye simu, maana jambo lenyewe refu na nataka ulisome ukiwa umetulia. Nina haja na ami yako wa Pangani, mchoraji wa vibao, na bila wewe sina pa kupitia.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Kamati ya tamasha letu la taarab imenipa kazi ya kuitengeneza upya sura yake yote: nembo, mabango, tiketi, fulana, beji za wanamuziki, mpaka kitambaa cha nyuma ya jukwaa. Ile nembo ya zamani unaikumbuka. Mnazi, jahazi, jua linazama, udi (ule wa nyuzi, wa kupigwa), na maikrofoni juu yake, vyote vimebanana ndani ya duara moja, rangi kijani na njano na dhahabu. Kwenye simu, ndani ya kile kiduara cha profaili, hubaki doa tu. Kwenye turubai dhahabu ilitoka kahawia, na wala si kosa la mchapaji: mashine yake inachanganya wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na hizo uzichanganye utakavyo, mng'ao hupati. Halafu kijani na njano nchi hii ni Yanga au ni kampeni. Abiria wa daladala akilipita bango hajui anaitwa kwenye taarab au kwenye mkutano wa hadhara.

Kikao cha kwanza kila mtu alikuja na picha yake kichwani. Mwenyekiti anataka kanuni na fidla, kama alivyoona kwenye mabango ya huko kwenu. Katibu anataka ile alama ya ufunguo wa muziki wa Kizungu. Mdhamini anataka rangi za bidhaa yake. Babu Chande alinyamaza muda wote, mwisho akauliza, "Na magitaa mtayaweka wapi?" Rukia, nilitamani nimbusu mkono. Hiyo ndiyo Tanga! Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa kwetu, hawakusimama juu ya kanuni. Unguja walikuwa na okestra zao kubwa za fidla kwa mtindo wa Misri, na vijana wa hapa wakashika magitaa ya umeme na besi, kikundi kidogo, mdundo wa kuinua watu vitini, na sauti ya Bi Shakila juu yake. Mtindo huo ukavuka mpaka hadi Mombasa. Leo tukiweka kanuni kwenye nembo tumewafuta wa kwetu. Tukiweka gitaa, wageni kutoka Unguja na Lamu watauliza wao wamo wapi.

Kinachotukusanya sote ni shairi. Awe na udi, awe na gitaa, awe na kinanda cha umeme, mwimbaji wa taarab anaimba beti zenye vina na mizani, na hadhira inamsubiri kwenye kina. Basi nimeijenga nembo juu ya mizani, yaani silabi za mstari. Nimetunga mstari huu ili niwaonyeshe kamati:

Pwani tumekusanyika, nyimbo zetu kuzienzi

Hesabu. Nane, kituo, nane. Kila mizani nimeipa kisanduku chake. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, nimeuweka juu, utao, nusu ya pili, chini yake, safu mbili za visanduku vinane vinane. Visanduku vyote ni vyeusi isipokuwa cha mwisho katika kila safu, pale penye kina, hicho chekundu. Kwa kuwa safu moja iko juu ya nyingine, vile viwili vyekundu vinasimama pamoja ukingoni kulia. Nembo ndiyo hiyo, hakuna kingine. Ipunguze mpaka iwe ndogo kuliko kucha, bado utaziona safu mbili nyeusi na ukingo wake mwekundu. Anayejua ushairi atahesabu mwenyewe. Asiyejua ataona mpangilio unaorudiarudia, na huo ni mwanzo mzuri.

Tena haigandi. Kila usiku wa tamasha utakuwa na bango lake, na kila bango litabeba mstari wa wimbo mmoja utakaoimbwa usiku huo. Wimbo wa sita kwa sita, visanduku sita kwa sita. Silabi zinaandikwa ndani ya visanduku, moja moja, kwa hiyo mtu akilisoma bango pale kituo cha basi ameshaanza kuimba. Usiku wa kumkumbuka Bi Shakila (mwaka 2016 alipotutoka bado nakumbuka ulivyonipigia unalia), kamati wanataka uso wake ujae bango zima. Mimi nataka mstari mmoja aliouimba uwe mkubwa kabisa, na picha yake iingie kwenye kijitabu cha ratiba, ambako kuna nafasi ya kueleza alikotoka na alikopita. Na familia iombwe kwanza, kwa yote mawili.

Kuna bango nimelibandika juu ya meza yangu ya kazi, la Mswisi mmoja, Josef Müller-Brockmann, alilitengeneza mwaka 1955 kwa ajili ya onyesho la muziki wa Beethoven kwenye ukumbi wa Tonhalle kule Zürich. Humo hamna fidla, hamna piano, hamna uso wa Beethoven. Kuna matao meusi yanayozunguka na kunenepa kwa kipimo, na maandishi machache. Nililipeleka kikaoni. Katibu akasema sisi siyo Uswisi. Kweli kabisa, na ndiyo maana sikuyagusa matao yake. Yule alipima muziki wa kwao, mimi nimepima wa kwetu.

Rangi nimezitoa kwenye kisutu, ile kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Pindo sikulichukua wala michoro yake, rangi tu. Taarab na harusi havijaachana hata siku moja, na bibi harusi wa pwani anakijua kisutu kabla hajaijua pete. Mwenyekiti alipoona nyekundu akaruka, "Hii Simba!" Nikamtandikia kisutu cha mama pale mezani, nembo nikaiweka juu yake. Akakitazama, akakipapasa, akasema, "Aa, hii ya arusi." Mpaka leo hajalirudia lile neno. Na fulana zitachapwa kwa wino wa rangi mbili tu, mweka hazina kafurahi.

Sasa herufi. Hapa ndipo penye ami yako.

Kamati wanataka zile herufi za kompyuta zilizopindwapindwa zifanane na Kiarabu, ambazo ziko kwenye kila mkahawa wa biriani kutoka hapa hadi Dar. Nimekataa. Tukitaka herufi za Kiarabu tuandike za kweli, kama wazee walivyoandika mashairi yao, na Babu Chande yuko tayari kuliandika jina la tamasha kwa hati hiyo. Visanduku navyo vitaanza kulia, ukingo mwekundu uhamie kushoto. Lakini kwa herufi hizi zetu za kila siku nautaka mkono wa ami yako, na simtaki mwingine.

Nimezunguka mitaa ya Ngamiani hapa mjini na kamera kutafuta vibao vyake vilivyobaki. Cha duka la vitambaa bado kipo, cha kinyozi kipo, na mlango wa yule fundi cherehani uko vilevile ingawa mwenyewe hayupo tena. Itazame R yake. Mguu unatoka tumboni, unapita chini ya herufi inayofuata, unakwenda ukikonda mpaka pale alipoinua brashi, na hapo rangi imeacha ncha kali. Mashine haiwezi kuipata ile ncha, maana imetoka kwenye kiwiko chake. Kwenye kibao cha vitambaa rangi imebanduka pembeni, na chini yake mstari wa chaki unaonekana bado: alikuwa anavuta uzi uliopakwa chaki, anaufyatua ukutani, halafu anaanza kuandika herufi ya katikati na kwenda nje pande zote mbili ili jina likae sawa. Hivyo ndivyo mtunzi anavyolitunza neno ili kina kiangukie mahali pake. Nilisimama pale barabarani mpaka mwenye duka akaniletea kiti.

Ninachomwomba ni kidogo. Aandike herufi zote kwa brashi kwenye karatasi ya manila, kubwa na ndogo, na tarakimu, kila moja mara chache ili nichague. Mimi nitaziskani na kuzitengenezea fonti ya tamasha. Alipwe kwa mkataba wa maandishi, na jina lake liandikwe kwenye kila bango na kila kijitabu.

Kamati wakaniambia, "Herufi tu hizo, tunalipia nini?" Rukia, nilikasirika. Jukwaa tunalipia, jenereta tunalipia, mabomba ya turubai tunalipia, na mkono ulioandika nusu ya Ngamiani utumike bure? Kazi ya mchoraji ni kazi ya sanaa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda kama inavyomlinda mtunzi wa wimbo. Nimewaambia kama ami halipwi, na nembo yangu naiondoa. Nilimaanisha na bado namaanisha. Mweka hazina kalegea kidogo, anasema ikija barua yenye sahihi ya ami mwenyewe, fungu atalitafuta.

Tatizo ni ami. Nilimfuata Pangani. Alinikaribisha vizuri, chai na vitumbua, akaniuliza habari za baba, lakini nilipotaja herufi akageuza maneno. Shangazi ndiye aliyenieleza nilipokuwa natoka: kuna kijana alikuja akamsifu, akapiga picha vibao vyake, na baadaye majina yale yale yakaonekana kwenye fulana za kuuzwa Dar. Hata salamu hakuletewa. Tangu hapo watu wa kompyuta hawaamini, na brashi zake kazifungia kwenye mkebe juu ya kabati. Namwelewa kabisa, ningekuwa yeye nisingefungua hata mlango.

Lakini wewe anakusikia. Ndiwe uliyekuwa unamshikia uzi wa chaki utotoni, na kila akitaja mtu anayepiga muziki kwa adabu anakutaja wewe. Mwambie kutoka kwangu kwamba mkataba atausoma kwanza, na kama hataki atanirudishia. Mwambie herufi zitabaki mali yake na tamasha litaruhusiwa kuzitumia kwa kazi zake tu. Mwambie na habari ya R.

Je, utampigia simu, au unaona ni bora uvuke uje mwenyewe, tumwendee pamoja? Mkono wake ukoje siku hizi, bado haujaanza kutetemeka? (Hata ukitetemeka naupenda, ila nisimchoshe mzee bure.) Malipo ya heshima kwa kazi kama hii unaona yawe kiasi gani? Nimtangulize Babu Chande au atajiona kazingirwa? Na nikuulize ya kwenu: nyimbo mnazofundishwa hapo, nyingi ni nane kwa nane, au kuna mizani ambazo visanduku vyangu vitazishindwa? Kibwagizo nacho nikipe rangi yake, au kikae cheusi vilevile? Mwimbaji akiona utao umewekwa chini ya ukwapi ataona nimemkatia mstari? Mwulize mwalimu wako, tafadhali, yeye ana jicho. Na wewe mwenyewe, utakuja kupiga mwaka huu au ndiyo kusema Unguja imeshakuchukua?

Kamati inakutana Jumapili baada ya Alasiri. Nijibu kabla ya hapo, hata iwe usiku wa manane. Picha za vibao nazituma leo hii kwenye simu yako, anza na ya kinyozi.

Wako akupendaye,
Mwanahawa
Chumbageni, Tanga