Wauza kayaki, turuhusuni tujaribu majini kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wenzangu wa Nairobi wanaotamani kununua kayaki ya kuvulia samaki, na zaidi ya hapo niwafikie wanaotuuzia.

Kwa asiyeijua, kayaki ni chombo cha majini kirefu chembamba, mara nyingi cha mtu mmoja, nyingi siku hizi ni za plastiki ngumu, na huendeshwa kwa kafi lenye mabapa pande zote mbili. Mimi ni mzaliwa wa Kipini, pale Mto Tana unapomwagikia baharini. Babu alikuwa na mtumbwi wa mwembe, na hakunipa kafi mpaka nilipozoea kukaa kitako sakafuni, miguu mbele, bila kutikisika. Sasa niko Donholm, ghorofa ya tatu, kazi yangu kutengeneza majokofu, na hamu ya maji haijanitoka. Nilianza kuweka akiba Februari mwaka jana. Pesa zikatimia Juni. Hadi leo sijanunua, na si kwa kughairi.

Chombo cha kwanza nilichotaka kukichukua kilikuwa kimetumika. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alikitandaza kwenye nyasi uani kwake, rangi ya machungwa, kinang'aa. Alitaka shilingi elfu hamsini na tano. Akaniambia nikalie nione kinavyonifaa. Nilikaa, nikatosheka, mkono ukaanza kwenda mfukoni. Lakini juu ya nyasi hata ubao hukaa imara! Nikamwomba tukipeleke kwenye bwawa lolote la kuogelea. Akakataa, akasema hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata na mitungi miwili ya lita ishirini. Alikubali shingo upande. Tulikiinua juu ya matofali, nikafungua kifuniko cha mbele, nikamimina maji ndani. Kayaki za kukalia juu zina matundu yanayopenya kutoka kwenye kiti hadi chini, ili maji yanayorukia ndani yajitoe yenyewe, na kingo za matundu hayo ndiko plastiki huchoka mapema, hasa chini ya kiti na pale chombo kinapoburutwa. Baada ya dakika kumi hivi, tone la kwanza lilitoka pembeni mwa tundu la kushoto. Nilipopitisha kidole nilikuta gundi ya silikoni imepakwa na kupigwa rangi juu yake. Aina hiyo ya plastiki, polithini, haishiki gundi. Huzibwa kwa kuyeyushiwa plastiki ya aina ileile kwa joto, kama tunavyofanya kwenye baadhi ya sehemu za majokofu. Muuzaji alisema ni jambo dogo. Ukiwa uani, kweli ni dogo. Katikati ya ziwa, maji yakijaa ndani taratibu bila wewe kuyaona, chombo huanza kuyumba na hujui kwa nini.

Kisa cha pili ni cha ngazi. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: kitu chenyewe kitalala wapi? Nikachukua bomba la plastiki la kupitishia maji, nikalikata mita tatu na sentimita sitini, urefu wa kayaki niliyoitaka, nikalipandisha ngazi za jumba letu. Lilikwama kwenye kona ya ghorofa ya kwanza. Tulilijaribu mimi na mtunza jumba kwa kulisimamisha, kulilaza, kulipitisha juu ya reli, halikupita. Na bomba lina unene wa mkono tu, ilhali kayaki ina upana wa karibu sentimita themanini na uzito wa zaidi ya kilo thelathini. Bomba lile la mia chache liliniokoa na hasara kubwa, na kila anayeishi kwenye fleti namshauri alipandishe lake kabla ya kwenda dukani. Zipo kayaki za kujaza upepo, zinazokunjika na kuingia begini, nami nilizifikiria. Lakini ufuo wa Naivasha umejaa miiba ya migunga, na mkononi una ndoana, na vyote hutoboa. Nikaziacha.

Naivasha ndilo ziwa nililolichagua, kilomita tisini hivi kutoka hapa. Ni la maji baridi, tofauti na Elementaita na Nakuru jirani zake wa chumvi na magadi. Lina tilapia, lina kambare, na lina yule samaki wa mdomo mpana aliyeletwa kutoka Marekani enzi za ukoloni, anayevamia chambo bandia kwa hasira mpaka fimbo inapinda. Kabla ya kununua nilikodi mara tatu, na siku hizo tatu zilinifunza kuliko miezi yote ya kutazama video. Ya kwanza ilikuwa kayaki nyembamba ya kuingia miguu ndani. Ilikwenda kama mshale, lakini kila nilipogeuka kuchukua chambo nyuma iliegemea ubavu, na samaki wa kwanza nilimpoteza kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa inashikilia kingo. Ya pili na ya tatu zilikuwa pana, za kukalia juu. Zilikwenda polepole, nami nikavua nikiwa nimetulia.

Mzee mmoja mvuvi pale Kamere alinitazama nikirudi siku ya pili, saa saba mchana, nikipigana na mawimbi, akanisubiri ufuoni. Hakunicheka. "Mwanangu," aliniambia, "ziwa hili la asubuhi na la mchana si moja." Asubuhi maji hulala kama mafuta. Jua likipanda, upepo huamka, na gugumaji huanza kutembea. Ukiwa upande usiofaa, zulia zima la magugu linaweza kukuzibia njia ya kutokea. Akanionyesha mafunjo ambako viboko hushinda mchana, akaniambia nisipite kati yao na maji ya kina, maana kiboko akishtuka hukimbilia huko na wewe uko njiani. Akaongeza habari ya miti: tangu ziwa lipande miaka ya 2019 na 2020, migunga na nyua za watu zimebaki chini ya maji, na kisiki usichokiona kinaweza kukupindua. Nilimshukuru kwa chai na mandazi. Mambo hayo hakuna duka lililoniambia.

Nimejifunza pia kusoma kibandiko. Kayaki niliyoipenda imeandikwa kubeba kilo 130. Wavuvi wenye uzoefu hupakia kama sehemu saba kati ya kumi za uzito huo, ili chombo kisizame mno na kupoteza utulivu. Saba kati ya kumi za 130 ni 91. Mimi peke yangu nina kilo 92, kabla sijabeba nanga, chupa ya maji, kiti na samaki. Muuzaji aliyenisukumia chombo kile aliniona nilivyo kwa macho yake na hakusema neno.

Kwa hiyo nimepindua mpango wa matumizi. Nilianza na jaketi la kujiokolea, nikalinunua jipya, la saizi yangu, nikalivaa na kumwambia kijana wangu alivute mabegani kwa nguvu aone kama litapanda masikioni. Halikupanda. Kisha nikaenda nalo, pamoja na kayaki ya kukodi, kwenye bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe alituruhusu kulitumia asubuhi na mapema. Nilijipindua makusudi. Kupanda tena si mchezo: unalala kifudifudi kukata chombo katikati, unapiga miguu kama chura, unajivuta mpaka kitovu kifike kwenye kiti, ndipo unageuka na kukaa. Mara nne nilishindwa. Mara ya tano nilipanda, mwanangu akapiga makofi. Nimeapa kutonunua mpaka niweze kupanda mara tatu mfululizo bila kupumzika, na sasa nimebakiza moja. Afisi ya uvuvi nimeshapitia kuulizia leseni. Chombo chenyewe kitakaa Karagita, karibu na ziwa la Naivasha, kwa binamu yangu, chini ya mabati, mbali na jua linaloila plastiki, nami nitakwenda kwa matatu nikiwa na fimbo na kafi tu, badala ya kukifunga juu ya Probox ya kuazima na kuteremka nacho mteremko wa Mai Mahiu upepo ukikipiga.

Sasa nije kwa wauzaji, Mhariri, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Jiji letu halina ziwa wala bahari ya kujaribia. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambapo watu waliwahi kuendesha mashua za tanga, limefunikwa na magugu na taka. Mtu wa Kisumu au wa Kilifi anaweza kukiteremsha chombo majini kabla hajalipa. Sisi tunauziwa kwenye lami na kwenye nyasi, tunapelekwa haraka, na wengi wetu hatujui hata kuuliza. Mnunuzi wa gari huliendesha kwanza. Mnunuzi wa jokofu nililolitengeneza mimi huliwasha kwangu, akasubiri lipate baridi. Anayenunua kitu atakachokikalia juu ya kina cha maji akiwa peke yake anaambiwa akikalie uani.

Ninachoomba si kikubwa. Mabwawa ya kuogelea yako katika mitaa mingi ya jiji hili, na siku za wiki asubuhi mengi hayana watu. Muuzaji akikodi moja kwa saa tatu, mara moja kwa mwezi, wateja wake watapanda, watapinduka, watajua chombo kipi ni chao. Ada ya kuingia nitalipa, na kama anahitaji mkono wa kubebea kayaki kutoka garini hadi majini, Jumamosi zangu ni huru. Wa kwanza atakayetangaza siku hiyo katika ukurasa huu, nitafika na jaketi langu na akiba yangu yote.

Mzaliwa wa Kipini,
Donholm, Nairobi