Aliyepokea kwanza kwenye mchezo ana sababu gani ya kuendelea kutoa?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikisikia mara kwa mara, kwenye mawaidha na hata vijiweni, kwamba mtu asiyemwogopa Mungu wala polisi hana kitu kingine cha kumzuia asidhulumu. Mimi ni muumini, wala sina nia ya kuipunguza imani ya mtu yeyote. Hata hivyo naona kauli hiyo inaidunisha akili tuliyopewa, tena inasahau jambo ambalo kila mfanyabiashara mdogo analishuhudia.

Sisi pale sokoni tunacheza mchezo wa pesa. Tuko watu kumi. Kila Jumamosi kila mmoja anampelekea kijumbe shilingi 10,000, na mwenye zamu anaondoka na laki moja. Aliyepokea wiki ya kwanza ameshapata fungu lake lote, na bado ana wiki tisa za kutoa. Hakuna mwanasheria wala dhamana. Kuna daftari la kijumbe tu, lenye majina na alama za vema. Mwaka jana mama mmoja anayeuza samaki, ambaye ndiye aliyepokea kwanza, aliuguliwa nyumbani, nasi tukakubaliana tusimdai wiki hiyo. Jioni akaja mwenyewe na noti za elfu moja moja zilizolowa maji ya samaki, akazihesabu mezani, kisha akasema: “Nilipopokea mimi, nanyi mlikuwa na shida zenu.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Hakutaja dhambi wala mahakama. Alijiweka mahali petu, akaona hakuna sababu ya kumsamehe yeye ambayo isingetusamehe na sisi sote, na hapo mchezo usingekuwapo. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kuhusu mtu mwenye dhiki anayekopa fedha akiahidi kurudisha, huku akijua hatarudisha. Kwa Kant, mtu huyo anapaswa kujiuliza ingekuwaje iwapo kila mwenye dhiki angefanya vivyo hivyo: ahadi yenyewe ingekufa, kwa kuwa hakuna ambaye angeiamini. Anayeahidi kwa uongo anategemea ukweli wa wenzake ili uongo wake ufanikiwe. Anataka kanuni iwafunge wote isipokuwa yeye, na hana sababu yoyote ya kuwaeleza wenzake wakaikubali.

Wapo watakaosema kwamba mama yule alilinda nafasi yake katika mzunguko ujao tu. Faida ina sehemu yake, sikatai. Mwingereza Thomas Hobbes alishaeleza mwaka 1651 kwamba mvunja maagano hawezi kupokewa katika jumuiya ila kwa makosa ya wanaompokea. Lakini sisi wenyewe tuliwahi kuwa na mwenzetu aliyepokea, kisha akahamia mji mwingine ambako hakuna anayemjua. Kwa hesabu ya faida peke yake, hakukosea hata kidogo. Bado tunamlaumu, na tunamlaumu kwa haki, kwa sababu alichukua jasho la watu tisa kwa kanuni ambayo yeye mwenyewe asingekubali itumike juu yake.

Swali linalonisumbua zaidi ni la wale ambao hawawezi kutulipa wala kutuadhibu. Kama uadilifu ni nipe nikupe, mtoto mchanga, mgonjwa asiyejitambua na mgeni anayepita njia wanabaki nje. Hapa nasimama na Kant, maana anayejiuliza kama angekubali kutendewa hivyo haulizi kwanza mwenzake ana uwezo gani wa kulipa. Isitoshe, hakuna hata mmoja kati yetu aliyechangia senti moja alipokuwa akibebwa mgongoni.

Karibu na meza yangu anakaa mzee asiyeona, anauza karanga. Mteja akimpa noti ya elfu moja na kudai ni ya elfu mbili, ni rahisi kumpunja, na pengine mzee asigundue mpaka jioni mjukuu wake anapomhesabia mauzo. Wengi wanaonunua kwake ni abiria wanaoteremka stendi, watu ambao hatakutana nao tena. Nimewasikia, mmoja baada ya mwingine, wakimtajia noti kwa thamani yake halisi kabla hawajamwekea mkononi, hata pale ambapo hakuna mwingine aliyekuwa akiwatazama.

Wako,
Mfanyabiashara wa sokoni,
Tanga