Mshale mwekundu kwenye picha ya setilaiti

Mhariri,

Tangu vita vya Ukraine vianze, magazeti yetu, hili likiwamo, yamezoea kuchapa picha za setilaiti zenye mishale myekundu na maneno kama "ghala la makombora" au "makao ya jeshi". Wasomaji wengi wanaamini mishale hiyo imeshuka kutoka angani pamoja na picha. Imewekwa na mtu aliyeketi mezani, na kazi ya mtu huyo ndiyo ninayoomba nafasi niieleze.

Kwanza tuzike ile hadithi ya setilaiti kusoma namba ya gari. WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, ni miongoni mwa setilaiti za biashara zenye jicho kali kabisa. Ikiwa kilomita 617 juu, pikseli yake moja, yaani nukta moja ya picha, inafunika sentimita 31 za ardhi. Gari dogo la mita 4.5 linatoka kwa pikseli 15 hivi kwa urefu na sita kwa upana: unajua ni gari, pengine unajua ni pikapu, basi. Za kijeshi zinaona vizuri zaidi, lakini hata kwao namba ya gari imebandikwa wima, na setilaiti inatazama kutoka juu.

Mchambuzi wala haihitaji namba hiyo. Anatafuta mpangilio. Kamera za mwanzo za Corona, setilaiti ya kijasusi ya Marekani ambayo filamu yake ilishushwa ndani ya kapsuli na kudakwa na ndege karibu na Hawaii Agosti 1960, hazikuweza kuonyesha vizuri kitu kidogo kuliko mita nane hivi. Ila reli inayoishia msituni, uzio wa tabaka mbili, na barabara yenye kona pana za kupitisha malori marefu vinaonekana hata kwa jicho hilo. Kufikia Septemba 1961, makadirio ya Marekani ya mitambo ya Kisovieti ya kurushia makombora ya masafa marefu yalikuwa yameporomoka hadi kati ya 10 na 25, wakati miaka michache nyuma kulikuwa na hofu ya mamia.

Urefu wa kitu hupatikana kwa picha mbili zilizopigwa kwa pembe tofauti, au kwa kivuli: zidisha urefu wa kivuli kwa tanjenti ya pembe ya jua kutoka upeo wa macho. Kivuli cha mita 7, jua likiwa nyuzi 60, ni jengo la mita 12. Kanuni hii inataka ardhi iwe tambarare. Kivuli kikiangukia mteremko, jibu si lako tena.

Mengi huharibika kati ya picha na ramani. Setilaiti mara nyingi hupiga ikiwa imeinama. Ikiinama nyuzi 25, paa la jengo la mita 20 linaonekana limehama mita 9 kutoka msingi wake. Ukichukua koordineti (namba zinazotaja mahali kwenye ramani) za paa ukazihesabu kuwa za msingi, kwa mitaa iliyobanana kama ya Kariakoo umeshaingia kwa jirani. Kilele kilichoinuka mita 500 juu ya usawa uliotumika kukokotoa, pembe ikiwa nyuzi 20, kinahama mita 180. Dawa yake ni modeli nzuri ya miinuko, pamoja na alama kadhaa zilizopimwa ardhini kwa GPS, zisirundikane upande mmoja. Alama nyingine ziwekwe kando kwa ukaguzi tu. Hizi za ukaguzi ndizo watu wanaoharakishwa huziruka, kisha wakajisifia usahihi kwa kutumia alama zilezile walizonyooshea picha.

Kwetu kuna mtego wa ziada. Ramani za zamani za 1:50,000 za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa datamu, yaani msingi wa kuhesabia koordineti, ya Arc 1960, wakati GPS na picha za kisasa zinatumia WGS84. Soma koordineti za mfumo mmoja ndani ya mwingine na umekosea mita 300 hivi. Kwenye karatasi ni milimita sita. Kwa kikosi cha mizinga ni kitongoji kingine.

Na yote hayo yakishanyooshwa, bado picha haina majina. Usiku wa tarehe 7 Mei 1999, ndege ya B-2 ya Marekani iliangusha mabomu matano juu ya Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, yakaua Wachina watatu ndani ya ubalozi wao. Mabomu hayakukosea, yalitua palepale yalipoelekezwa. Aliyetafutwa alikuwa jirani, idara ya serikali ya Yugoslavia ya ugavi na manunuzi ya kijeshi, iliyokuwa Bulevar Umetnosti namba 2, takribani mita 300 kutoka pale. Afisa wa CIA alikuwa na anwani hiyo, lakini hakuwa na jengo. Akachukua namba za nyumba zilizojulikana kwenye mitaa inayokwenda sambamba, akakisia namba 2 ingeangukia wapi, akachagua jengo kwenye picha ya setilaiti. Picha haikuonyesha bendera wala alama yoyote ya ubalozi. Ramani nazo ziliuweka ubalozi pale ulipokuwa kabla ya kuhama mwaka 1996. Waliopitia kazi yake walihakiki koordineti dhidi ya taarifa zilizotokana na koordineti hizohizo, na hapo kosa lisingeweza kuonekana hata wangerudia mara kumi. Mkurugenzi wa CIA, George Tenet, aliyaeleza haya mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Julai 1999.

Wakati nao unadanganya. Setilaiti nyingi za kupiga picha hupita mahali kwa saa ileile, kama saa nne na nusu asubuhi, na anayejificha huijua ratiba. India iliandaa majaribio yake ya nyuklia ya Pokhran, Mei 1998, kwa kufanya kazi nyingi usiku, na Washington ikashtukizwa. Iraq ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2002 wachambuzi waliona pilika zimeongezeka kwenye maeneo waliyoshuku kuwa na silaha za kemikali. Tume ya uchunguzi iliyoripoti Machi 2005 ilionyesha kwamba setilaiti zilikuwa zimeanza kuyapiga picha maeneo hayo mara nyingi zaidi. Ukichungulia mara nyingi utaona magari mengi. Lori la tangi lililosemwa kuwa la kusafishia sumu lingeweza vilevile kuwa la maji au la zimamoto.

Kwa hiyo, Mhariri, kila mnapochapa picha hizi, chini yake wekeni tarehe na saa ya kupigwa, ukubwa wa pikseli, na jina la taasisi iliyoweka mishale, maana mwenye setilaiti na mtafsiri mara nyingi ni watu wawili. Ikiwezekana, chapeni kando yake picha ya eneo lilelile ya miezi kadhaa nyuma, iliyopigwa msimu uleule. Na mtafsiri akiwa ameandika "huenda", msilifute neno hilo ili kichwa cha habari kienee kwenye safu.

Mpima ramani mstaafu,
Morogoro