Pambo la kisu lisukwe, lisigandishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wanaosuka kwa mkono pambo la ngozi la kufungwa kwenye tundu la mpini wa kisu, kwani wengi huliona urembo mtupu, ilhali ndilo linaloshikwa kisu kinapozama mfukoni au ndani ya ala. Nililolinunua mimi lilikuwa limegandishwa ncha zake kwa gundi pasipo fundo, likafumuka lote. Nikaamua kujifunza kusuka.

Kanda nne zenye upana wa milimita 3 zinatosha, kila moja ikikaribia mara mbili ya urefu unaotakiwa, kwa sababu msuko hula ngozi. Zilowanishwe kidogo tu, maana ngozi iliyorowa chepechepe hukonda ikivutwa. Ukanda wa nje hupitishwa nyuma ya kanda mbili, ukarudi juu ya mmoja, kulia kisha kushoto, mkono ukivuta kwa nguvu ileile. Msuko ukiwa bado na unyevu, uviringishwe chini ya ubao hadi uwe duara kama ugwe.

Wauzaji, nawasihi: fungeni fundo.

Msomaji wako