Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji

Waheshimiwa wanachama,

Katika mkutano wa mwaka jana niliahidi kwamba kila mmoja wenu angepata vipando vya nepia, nyasi ndefu ya kulishia ng'ombe, kutoka shamba letu la mfano, na vikagawiwa kabla ya mvua za masika. Sina budi kukiri kwamba baadhi yake vilikuwa na ugonjwa wa udumavu, ingawa siku ya kuvikata vilikuwa vya kijani kibichi na hakuna mjumbe wa kamati, mimi nikiwamo, aliyevitilia shaka.

Tuliliamini jicho, na hilo ndilo kosa. Udumavu huletwa na fitoplasma, bakteria wasio na ukuta wa seli, wanaoishi ndani ya mirija inayotoa sukari kwenye majani na kuipeleka sehemu nyingine za mmea. Nchini Kenya watafiti waliwahusisha na ugonjwa huu mwaka 2004, na mwaka 2009 ikabainika kwamba hubebwa na mdudu mdogo arukaye, Maiestas banda, anayefyonza utomvu wa shina moja kisha akahamia jingine. Shina lenye bakteria hao linaweza kuonekana zima mpaka likatwe. Ndipo machipukizi yanapotoka mengi, mafupi, yenye majani madogo ya manjano, na hatimaye shina lote hufa. Wengine wetu tulidhani ni upungufu wa rutuba, tukamwaga samadi bure.

Mwanachama mmoja aliuliza iwapo kila kiishicho ndani ya jani ni adui. La hasha. Nchini Nyuzilandi kuvu ya Epichloë huishi ndani ya nyasi ya malisho bila kuidhuru na huikinga dhidi ya fukusi, ila aina zake za asili hutengeneza pia sumu inayowapepesusha ng'ombe. Nyasi hunufaika, mfugaji akalia.

Kamati imelifunga shamba la mfano. Mashina yenye dalili yang'olewe na kuchomwa, na mashina jirani yasitoe vipando hata yakipendeza. Najua kumnyima jirani kipando ni aibu kwetu. Mwaka huu tuistahimili. Vipando vipya vitapokewa tu vikiwa na cheti cha kipimo cha vinasaba kutoka maabara, na gharama yake italipwa na mfuko wa chama, si na wanachama waliopokea vipando vibovu.