Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Daftari la Majina

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za maktaba anazo katibu. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: daftari la majina yanayojirudia katika visa vya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons.

Waendesha mchezo wapya, yaani wanaosimulia kisa na kuwaongoza wachezaji, ndio walioliomba. Walikuwa wakikutana na jina walijualo ndani ya kisa kingine, wasijue kama ni mhusika yuleyule, mwingine aliyepewa jina hilo, au marehemu waliyekwisha kumzika mezani kwao. Wachezaji waliomuua Strahd, yule mnyonya damu, kwa taabu wana haki ya kujibiwa wakiuliza amerudije.

Strahd von Zarovich mwenyewe hakutusumbua. Alitokea mwaka 1983 katika kisa cha Ravenloft cha Tracy na Laura Hickman, akarudi 2006, kisha 2016 katika Curse of Strahd. Ni mnyonya damu yuleyule, ngome ileile. Aliyetukesha ni Ireena Kolyana. Strahd alimuua mdogo wake, Sergei, siku ya harusi ili ampate bibi harusi, Tatyana, naye Tatyana akajirusha kutoka ngomeni. Ireena ni roho ya Tatyana iliyozaliwa upya, na ndiyo maana Strahd hambandui macho. Je, aandikwe mara moja au mara mbili? Kamati iligawanyika vikali. Mwishowe tulifuata roho: Tatyana juu, Ireena chini yake, ukurasa mmoja. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mwendesha mchezo asiyeujua uhusiano huo atamgeuza Ireena kuwa msichana wa kuokolewa tu, na kisa kizima kitapoa.

Acererak, mchawi aliyekufa lakini bado anatembea, alitulazimisha kuongeza safu ya ulimwengu. Katika Tomb of Horrors ya 1978 kaburi lake liko katika ulimwengu wa Greyhawk. Waliolicheza wanaukumbuka ule uso wa kijani wa shetani ukutani, kinywa wazi, giza tupu ndani; anayeingia humo haonekani tena. Mwaka 2017, katika Tomb of Annihilation, tunamkuta katika nchi ya Chult, iliyo kwenye ulimwengu mwingine kabisa, akiwa amesababisha laana inayozuia wafu wasifufuliwe, huku waliofufuliwa zamani wakinyauka siku hadi siku. Ni yuleyule. Mchawi huyu huvuka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine, na asiyelijua hilo atadhani waandishi wameishiwa majina.

Mchawi Iggwilv wa kisa cha 1982 na Tasha, ambaye jina lake limebebwa na uganga wa kicheko, ni mtu mmoja. Najua wapo wanachama ambao bado hawajaridhika. Ukurasa wao umekamilika, wausome.

Kuna jambo moja lililonigusa katika kazi hii. Majina mengi tunayoyaona ya kale yalitoka mezani, kwa watu waliokuwa wakirusha dadu na Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, kule Lake Geneva, Marekani. Chukueni wachawi watatu: Mordenkainen alikuwa mhusika wa Gygax mwenyewe. Tenser ni herufi za Ernest, mwanawe, zilizopangwa upya. Drawmij ni Jim Ward aliyesomwa kinyumenyume. Wahusika wa watu wa kawaida walibaki kwa kuwa kuna aliyejali kuwaandika.

Kwa hiyo naleta hoja mkutanoni: daftari liwe na sehemu ya wahusika wetu sisi, walio hai, waliostaafu na waliokufa. Kila mmoja aandikiwe jina, kampeni (mfululizo wa michezo aliochezwa), mchezaji wake na alivyoishia. Mwendesha mchezo akitaka kumrudisha yeyote kati yao, iwe kama rafiki, adui au mzimu, amwombe ruhusa kwanza aliyemcheza. Akikataliwa, atafute jina jingine.

Fomu za kuandikisha wahusika ziko kwa katibu. Tafadhali zijazeni kabla ya kupiga kura, ili tujue ukubwa wa kazi tunayojitwika.

Mwenyekiti