Mwalimu wangu anataka nimwandikie dibaji, nami nimekwama

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, upande wa Uyole. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Natunga mashairi pia, mengi yake ya kisasa, yasiyofuata vina. Nakuandikia kwa sababu nimebanwa na jambo ambalo kila ninayemsimulia hucheka kwanza, kisha hunipa jibu la harakaharaka lisilonisaidia.

Mzee aliyenifundisha shule ya msingi kule Tukuyu ameandaa diwani yake. Ana mashairi zaidi ya mia aliyoyatunga tangu ujana, yote kwenye madaftari, mjukuu wake akayapeleka steshenari yakachapwa kwa kompyuta. Anataka dibaji niandike mimi. Alinikabidhi faili kwa mikono miwili, akasema "ndaga fijo, mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hata kabla sijafungua mdomo. Pesa ya kuchapishia kitabu ni ya parachichi za msimu huu, na mchapaji hapa mjini ameshapokea malipo ya awali. Mwalimu hatafuti faida. Anataka kitabu kiwepo kabla hajafa. Alinitamkia hivyohivyo.

Shida ni kwamba mengi ya mashairi hayo ni mabaya. Nakunukulia ubeti mmoja uone mwenyewe, maana watu wanadhani naonea:

Elimu ni kitu bora, bora kitu ni elimu,
Elimu yatupa dira, dira kwetu ni muhimu,
Elimu huleta sura, sura iliyo karimu,
Tusome bila hasira, tupate kujihitimu.

Hesabu mizani, yaani silabi: nane kwa nane, haikosei hata mmoja. Vina vya kati na vya mwisho vimesimama wima. Lakini "sura iliyo karimu" ni sura ya namna gani? Na hiyo hasira imetoka wapi, nani alikuwa amekasirika? Imeletwa na kina cha "ra", basi. "Kujihitimu" sitalisemea, maana mwanafunzi wangu akiliandika nalizungushia kalamu nyekundu. Mashairi ya namna hii ndiyo mengi ndani ya faili: UKIMWI ni mbaya, umoja ni nguvu, mama ni mama.

Ila nisimdhulumu. Shairi hilohilo nimemsikia akiliimba kwenye mahafali ya darasa la saba, mvua inapiga bati, spika zinakoroma, na wazazi wakaitikia kibwagizo mpaka akarudia mara mbili. Kina mama walipiga vigelegele palepale kwenye "sura iliyo karimu". Walitoka kwenye viti kwenda kumtuza. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Kwa kipimo hicho mwalimu wangu amefaulu na mimi ndiye niliyefeli, kwa sababu langu hata moja haliimbiki.

Sasa sikiliza kilichonichanganya zaidi. Katikati ya faili mlikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye kalenda ya ukutani. Nyuma yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni ninaoujua tangu utoto, ameandika hivi:

Ulipoondoka, mvua haikuacha kunyesha.
Nimeanika khanga yako siku ya tatu,
haijakauka,
nami sina haraka.

Mke wake alifariki mwaka juzi. Wewe kama hujawahi kuishi Tukuyu hujui nguo isiyokauka maana yake nini. Kule mvua inanyesha mpaka unaizoea kama saa ya ukutani. Nilipomaliza mstari wa mwisho nilikaa kimya muda mrefu. Nikampigia simu kumuuliza shairi lile linaingia ukurasa gani. Akajibu, "Hayo yaache, mwanangu. Hayo siyo mashairi, nilikuwa naandika tu." Nikambembeleza. Akaanza kukereka, akaniuliza kama siku hizi huko tunakofundisha watoto tumeacha kuhesabu mizani. Nikabadili mazungumzo, nikauliza habari za ng'ombe.

Hapo ndipo nilipo, Mshauri. Mia hayafai kwa macho yangu, na lile moja linalofaa mwenyewe analikataa.

Ungedhani basi jibu ni rahisi: mimi ndiye niliyesomea, nimweleze. Lakini ninachokitilia shaka ni hayo macho yangu. Nilipokuwa nasoma Mkwawa, Iringa, tulifundishwa habari za washairi wa Uingereza waliokuwa pia wahakiki. Mmoja wao, T. S. Eliot, mwaka 1942 alisema jambo ambalo halijanitoka: kwamba mshairi anapoandika uhakiki, nyuma ya kichwa chake siku zote huwa anautetea ushairi wa aina anayoitunga yeye, au ile anayotamani kuitunga. Alikuwa anawasema wenzake na anajisema mwenyewe.

Wakati ule niliona ni mambo ya Wazungu. Kisha nikatazama rafu yangu ya vitabu. Amri Abedi: "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri". Mulokozi na Kahigi, 1979: "Kunga za Ushairi na Diwani Yetu". Mayoka, 1984: "Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka". Unaona? Kwetu hatukuficha hata kidogo. Nusu ya kitabu nadharia, nusu mashairi ya mwenye nadharia, jalada moja. Anayesema shairi ni vina na mizani anakuonyesha yake yenye vina na mizani, na anayesema vina si uti wa mgongo naye anafungua diwani yake uone. Sisemi walikosea. Mabishano yale ya miaka ya sabini, baada ya Kezilahabi kutoa diwani yake "Kichomi" mwaka 1974, bila vina na kwa lugha ya mazungumzo ya kila siku, ndiyo yaliyotufanya tufikirie ushairi wa Kiswahili ni nini hasa. Bila ugomvi ule nisingekuwa na la kufundisha muhula mzima. Ninachosema ni kwamba mimi natunga bila vina, nimeona shairi lisilo na vina ndani ya faili la mzee, nikalia. Na yenye vina nimeyacheka. Je, huo ni uhakiki, au najipigia debe?

Nimejaribu kushika kipimo cha Matthew Arnold, ambaye mwaka 1864 aliandika kwamba kazi ya uhakiki ni kukiona kitu kama kilivyo, bila kukivutia upande wako. Naye alikuwa mshairi, na kwa miaka 35 alikula mshahara wa ukaguzi wa shule. (Mwalimu yeyote atakwambia jinsi wakaguzi wanavyoona vitu kama vilivyo. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, na bado tunafagia hadi uvunguni wakija.) Kwa faili hili nimeshindwa. Kila nikisoma namwona mzee na baiskeli yake, namsikia akitufundisha kuhesabu mizani kwa kupiga meza. Kisha nageuka nakuwa mkali kupita kiasi ili nijithibitishie kwamba simpendelei.

W. H. Auden, mshairi mwingine wa Uingereza, naye aliandika kwamba kuvishambulia vitabu vibaya ni kupoteza muda, na tena kunaharibu tabia ya anayeshambulia. Vibaya vitakufa vyenyewe, wewe sifia vizuri. Ushauri huu ungenitosha kama kitabu kingekuwa dukani. Hiki hakijachapwa, pesa ya parachichi imetoka nusu, na mwenyewe amekuja kwangu akaniomba. Nikinyamaza, kimya changu nacho ni dibaji.

Nikueleze na wanayonishauri watu wa karibu. Binti mkubwa wa mzee, ambaye namwita dada, amenipigia akisema, "Mdogo wangu, weka maneno matamu mawili matatu, baba afurahi. Nani husoma dibaji?" Mume wangu anasema nisingizie kazi ya kusahihisha mitihani. Mwalimu mwenzangu wa fasihi anasema niandike kama tunavyofundisha darasani: dhamira kuu, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya tamathali, nimalize. Hilo linawezekana kabisa, hata kwa usiku mmoja, na hakuna atakayejua kama nimelipenda shairi au nimelichukia. Ndiyo maana silitaki. Wanafunzi wangu nao wanaamini uhakiki ni kuorodhesha dhamira ili upate alama, na lawama ya hilo siwezi kuwatupia wao.

Katika kundi letu la WhatsApp la watunzi wa nyanda za juu hali si nzuri zaidi. Asiyetunga akisema neno kuhusu shairi la mtu anaambiwa "andika lako tulione". Anayetunga akisema, anaambiwa ana wivu. Hakuna mlango wa tatu. Basi watu wanabandika vidole gumba na makofi, na mashairi yanazidi kuwa ya hovyo.

Kitu kimoja kinanipa moyo kidogo, nacho ni cha Shaaban Robert, ambaye mwalimu wangu anamwabudu. Picha yake imebandikwa sebuleni, pembeni ya picha ya Nyerere. Shaaban alipoeleza ushairi ni nini, alianza na sanaa ya vina, lakini hakuishia hapo. Alisema zaidi ya kuwa sanaa ya vina, ushairi una ufasaha wa maneno machache, muhtasari. Sasa pima kwa kipimo hicho. "Elimu ni kitu bora, bora kitu ni elimu": mizani kumi na sita, habari moja, imesemwa mara mbili. Khanga isiyokauka: maneno kumi na manne tu, na ndani yake kuna ndoa nzima, msiba, na hali ya hewa ya Rungwe. Kipimo hiki si changu. Sikukitoa Mkwawa wala kwa Eliot, kimetoka kwa mtu ambaye mzee anamtazama kila anapokunywa chai. Nikipita njia hiyo labda hataona namtukana kwa niaba ya kina Kezilahabi. Na Kezilahabi mwenyewe, kwa taarifa ya wanaodhani kambi hizi hazisalimiani, aliandika kitabu kizima kuhusu ushairi wa Shaaban Robert.

Ila naogopa. Mzee amezidi miaka sabini na moyo wake si mzima. Najua mfano wa Shelley, mshairi wa Uingereza, na rafiki yake Peacock. Mwaka 1820 Peacock aliandika kwamba ushairi umepitwa na wakati, wenye akili wafanye mambo mengine. Shelley akamjibu mwaka uliofuata kwa utetezi ambao mpaka leo tunausoma, ule wa kusema washairi ndio watunga sheria wa dunia wasiotambuliwa. Urafiki haukuvunjika, na Shelley alipofariki Peacock alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa wosia wake. Lakini wale walikuwa rika. Mimi ni mtoto wa mzee huyu. Nampa shikamoo kwa kuinama. Huku kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba kazi ya maisha yake ipunguzwe ibaki robo.

Kwa hiyo naomba unisaidie haya. Kwanza, je, ni haki mimi kuandika dibaji hii wakati najua upande ninaouegemea, au nimtafutie malenga wa mapokeo anayeweza kuyapima mashairi yale kwa sheria zake, pengine akaona uzuri ambao mimi sina sikio nao? Nawafahamu wawili, mmoja Iringa na mmoja Kyela, na wote wana ulimi mkali kuliko wangu.

Pili, kama niandike, je, inafaa niseme wazi humohumo kwenye dibaji kwamba mimi natunga kwa namna nyingine, niyasifie yale kwa kuimbika kwake tu, maana hilo ni kweli na nililishuhudia, na nisiseme lolote kuhusu maana yake? Au msomaji mwerevu atanusa, na mzee naye atanusa?

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi: lile la khanga. Mwenyewe amesema si shairi, na niliache. Nimeshalinakili kwenye daftari langu. Nina haki ya kumshikia bango liingie kitabuni? Binti yake mkubwa hajui kama lipo. Nikimwonyesha, najua atalia, na atamlazimisha baba yake, na mzee atajua ni mimi niliyelitoa.

Mchapaji anataka kila kitu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, kwa sababu uzinduzi wamepanga Desemba, watoto na wajukuu wakiwa wamerudi nyumbani. Jumapili ya wiki ijayo nateremka Tukuyu, na mzee atauliza nimefikia wapi. Tafadhali usinijibu kwamba nifuate moyo wangu. Niambie nianze na sentensi ipi.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili, Uyole